Sikio Nyuma ya Ukuta

Kidole cha mke wa fundi kilikuwa bado hewani, na hakikumwelekea mtu. Kilielekea mwavuli.

Mwavuli wa kijani, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mashauri, unadondosha maji taratibu kana kwamba hauna habari.

"Ndio huo!" mwanamke alisema. "Jumapili ile niliuona nyuma ya ukuta wetu, nikiwa juu naanika nguo. Na aliyeushika ni huyo huyo aliyekaa kwenye kiti!"

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, habari yenyewe ni fupi. Aliyekaa kwenye kiti ni afisa mashauri wa baraza la mji, yule mama anayesikiliza ugomvi wa mitaro iliyozibwa, kuta zilizovuka mpaka na kelele za majirani. Watu wamempa jina Mama Nimesikia, kwa sababu ndilo neno lake kwa kila mtu. Ukishinda, nimesikia. Ukishindwa, nimesikia. Hata ukilia na kujigaragaza, nimesikia.

Ndiye aliyemfungia karakana fundi wa kuchomelea vyuma. Kosa: kuwasha mashine kila Jumapili, siku ambayo baraza limeipiga marufuku kazi hiyo katikati ya nyumba za watu. Fundi aliapa kwamba Jumapili hagusi chuma. Mama Nimesikia hakumwamini, na sababu aliijua yeye peke yake. Kabla ya shauri alikuwa amekwenda kwa siri, akasimama nyuma ya ukuta wa karakana, akaisikia kwa masikio yake mawili mashine ya kukatia na kusugulia vyuma ikilia.

Na afisa mashauri haruhusiwi kufanya hivyo. Anaamua kwa yale yaliyosemwa chumbani, kila mtu akisikia. Akitaka kwenda kuona, anakwenda na pande zote mbili, mlalamikaji huku na mlalamikiwa huku. Akienda peke yake, basi si afisa tena. Ni shahidi.

Leo fundi ameomba shauri lake liangaliwe upya. Kesho asubuhi gari la baraza linakuja kubeba mashine zake zote.

Haya. Twende chumbani.

"Mwavuli wa kijani!" aliguna Mzee wa Ghorofani, jirani aliyepeleka malalamiko. "Hata marehemu shangazi yangu alikuwa nao. Naye utasema alikuwa nyuma ya ukuta?"

"Shangazi yako simjui," mke wa fundi alijibu. "Huyu namjua. Kasimama pale mpaka mashine iliponyamaza. Mimi nikadhani mteja anaona haya kuingia."

"Mke wangu, kaa chini," fundi alinong'ona.

"Sikai. Muulizeni alisikia nini! Halafu muulizeni mume wangu siku hiyo alikuwa anatengeneza nini, na cha nani!"

Karani wa Mama Nimesikia, mzee mwembamba aliyezeeka na kalamu mkononi, alimtazama juu ya miwani.

"Mama, hayo niandike?"

Swali dogo. Karani huwa haulizi, huandika. Leo ameuliza, maana yake naye ameogopa.

Mama Nimesikia alitazama mwavuli. Akamtazama mwanamke, ambaye kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Angeweza kusema andika. Neno moja tu.

"Usiandike," alisema. "Hayahusiani na shauri. Tunapumzika, tutaendelea alasiri."

"Hata hujaniuliza!" mwanamke alipiga kelele. "Hata mara ya kwanza hamkumuuliza!"

Mama Nimesikia alikuwa ameshafika mlangoni. Alitoka bila kuuchukua mwavuli, mvua ikamnyeshea njia nzima, na aliona ni haki yake.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe sebuleni, amekaa kwenye kochi, mbele yake chuma chake cha kutembelea, kile chenye miguu minne. Mumewe alikuwa jikoni anapasha chakula. Ni dereva wa basi la shule, na mchana hurudi kumhudumia mama yake.

"Mkwe wangu umelowa kama taulo!" bibi alicheka. "Mwavuli umeuza?"

"Nimeusahau, mama."

"Basi na mimi nina jambo umelisahau. Nilikuomba umwite yule fundi. Mguu huu mmoja umeanza kucheza tena. Nikitembea nasikia kama nimefuatana na mbuzi."

"Fundi gani, mama?"

"Si yule aliyeuchomelea. Siku ulipovunjika."

"Mimi sikuwepo ulipovunjika."

"Kweli, hukuwepo. Ilikuwa Jumapili. Ulituaga unakwenda kumwona shoga yako mgonjwa."

Mama Nimesikia alishika ukingo wa meza. Shoga yake hakuwa mgonjwa. Hajaugua mwaka huu hata mafua.

"Mwanangu alizunguka mji mzima," bibi aliendelea, hana habari. "Kila fundi kafunga. Akamkuta mmoja, tena nyumbani kwake, kavaa nguo za kupumzikia. Kakataa katakata. Kasema Jumapili hagusi chuma, baraza litamla nyama. Mwanangu akamwambia, mama yangu anatambaa sakafuni kama mtoto. Basi yule kijana kavaa miwani yake ya kazi, kafungua karakana. Kasema, iwe mara hii moja tu, kwa ajili ya bibi. Mungu ampe maisha marefu."

Msomaji, hebu uone mambo yalivyokaa. Ukuta mmoja. Mbele ya ukuta kasimama mume, chuma cha mamaye mkononi, anamshukuru fundi. Nyuma ya ukuta kasimama mke, mwavuli mkononi, anamhukumu.

Mume alitoka jikoni na sahani. Alimwona mkewe, akasimama.

"Vipi? Una homa?"

"Yule fundi," alisema Mama Nimesikia. "Karakana yake iko nyuma ya ghorofa la njano?"

"Ndiyo. Unamjua?"

"Nimemfungia."

Sahani ilitua mezani kwa kishindo.

"Umemfungia nini?"

"Karakana. Kwa kelele za Jumapili. Kwa kelele hiyo, baba watoto. Hiyo hiyo. Nilikuwepo, nimejificha nyuma."

"Mbona hukuniambia kwamba kesi ni ya yule?"

"Na wewe mbona hukuniambia ulikwenda kwake?"

"Ungeniuliza ningekwambia!"

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia mume. Ungeniuliza. Ndivyo ilivyokuwa chumbani pia. Siku ya shauri alimuuliza fundi, je, unafanya kazi Jumapili? Fundi akasema hapana. Hakumuuliza, na Jumapili iliyopita je? Angemuuliza, fundi angemweleza yote, juu ya bibi na mguu wa chuma uliovunjika. Angemuuliza asingemfungia. Lakini angeulizaje bila kujifichua kwamba alikuwepo? Kwa hiyo alinyamaza, akamsikiliza fundi mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa adabu, na moyoni alikuwa ameshamwita mwongo.

"Kuna mtu ameniona," alisema. "Mkewe. Amesema mbele ya watu."

"Imeandikwa?"

"Nimezuia."

Mume alishusha pumzi. Akafunga mlango wa sebule, kama vile majirani walikuwa wamesimama nje wakisubiri.

"Basi nisikilize. Rudi, mfungulie yule kijana karakana yake, uvae uso wako, maisha yaendelee. Hilo la ukuta usiliseme. Ukilisema umekwisha. Utafukuzwa kazi, na mimi basi lenyewe kila siku liko gereji. Mama dawa zake zitatoka wapi?"

"Na mkewe je? Nimemfanya kichaa mbele ya watu."

"Kichaa atapona akifunguliwa karakana."

Walikuwa wamemsahau bibi. Hakuwa akicheka tena.

"Nimemfungisha mimi?" aliuliza.

"Hapana mama, wewe hu—"

"Kijana wa watu kafungiwa kwa ajili ya miguu yangu?"

Aliweka viganja viwili kwenye chuma chake. Wakadhani anataka kusimama, mume akakimbilia kumshika. Bibi alikisukuma. Kikateleza sakafuni, kikagonga ukuta, kikaanguka ubavu.

"Kirudisheni kwa mwenyewe," alisema. "Mpaka afunguliwe, mimi sitembei."

"Mama, acha utoto!"

"Utoto? Si ulisema natambaa? Nitatambaa."

Mama Nimesikia aliinama kukiinua. Mguu ule uliochomelewa ulikuwa na kovu la chuma, limepigwa msasa likawa laini ili lisimkwaruze mtu mzima. Fundi alijipa kazi hiyo ya ziada siku yake ya mapumziko. Na mlio mrefu wa mwisho ambao Mama Nimesikia aliukumbuka, ule uliomkera zaidi, bila shaka ndio huo wa msasa.

Alikisimamisha mbele ya bibi. Bibi akageuza uso akatazama dirisha.

*

Alasiri chumba kilijaa. Habari ya mwavuli ilikuwa imetembea, na watu waliokuja kulipia leseni walikuwa wamegeuka watazamaji. Mwavuli wenyewe haukuwepo msumarini. Karani alikuwa ameuweka chini ya meza yake, na kwa miguu yake kauzuia kabisa.

Mama Nimesikia alikaa. Njia nzima alikuwa amejikaza kisabuni, akipanga maneno. Lakini kabla hajafungua kinywa, fundi alisimama.

Alikuwa kijana mpana mwenye alama ndogo ndogo za cheche mikononi. Alikunja kofia yake kama mtu anayekamua nguo.

"Mama, kabla hujaanza. Nimezungumza na mke wangu. Tumeshauriwa pia na watu wazima hapo nje." Macho yake yalikimbilia kwa karani, yakarudi. "Mke wangu alikosea. Alimfananisha mtu. Tunaomba radhi, na tunakuomba utuhurumie. Mimi nina mdomo mmoja wa kula na mingine minne nyuma yake. Zile mashine zikibebwa kesho, sizioni tena."

Karani alikohoa kidogo, anaangalia dari. Ndiye aliyewapanga. Alikuwa amemtengenezea mkubwa wake njia nyeupe: radhi imeombwa, jambo limeisha, mama ana huruma, karakana inafunguliwa. Kila mtu anakwenda nyumbani.

Na kwa nini isiwe hivyo? Mama Nimesikia alijiuliza swali hilo kwa moyo wote. Fundi anapata kazi yake. Bibi anatembea. Mume analala usingizi. Hakuna anayeumia.

"Mama fundi," karani alisema kwa sauti tamu. "Nawe useme, ili tumalize."

Mwanamke alisimama. Yule wa asubuhi, aliyekuwa anawaka kama taa, alikuwa amezimwa. Alikuwa ametazama vidole vya miguu yake.

"Naomba radhi," alisema taratibu. "Asubuhi nilisema... nilisema uo—"

"Usiseme!"

Chumba kizima kiliruka. Hata Mama Nimesikia alishtuka, maana hakujua kwamba ni yeye aliyepiga kelele.

"Usilimalize neno hilo," alisema. "Kaa. Hapana, usikae. Simama hivyo hivyo, nikwambie mbele yao. Ulisema kweli. Mwavuli ni wangu, na nyuma ya ukuta nilikuwa mimi."

Mzee wa Ghorofani aliguna: "Lahaula! Na shangazi yangu nimemsingizia bure!"

Hakuna aliyecheka.

"Karani, andika. Andika na ya asubuhi niliyokukataza."

"Mama," karani alisema, sauti tamu imekauka. "Fikiri. Nikishaandika sifuti."

"Andika. Nilikwenda Jumapili peke yangu, nikasikia mashine, sikumuuliza mwenye mashine. Andika kwamba alikuwa anachomelea chuma cha kutembelea cha mtu mzima aliyevunjikiwa. Na kwamba mtu mzima huyo ni mama mkwe wangu. Mimi mwenyewe nimelijua leo mchana."

Mke wa fundi alifunika mdomo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya shauri, Mama Nimesikia alihisi mabega yake yameshuka mahali yanapotakiwa kukaa.

"Kwa hiyo," alisema, "naamuru karakana ifunguliwe leo hii, na—"

"Huwezi," karani alisema.

"Nini?"

"Huwezi kuamuru. Umeshakuwa shahidi kwenye shauri hili, mama. Kuanzia neno lako la kwanza hukuwa tena afisa wake. Ukiamuru sasa, hata mzee huyu wa ghorofani anaweza kuipangua amri yako kesho kwa barua ya mistari miwili." Aliweka kalamu. "Ndiyo maana nilikuwa nawabembeleza waombe radhi. Ungefungua kwanza. Sasa anatakiwa afisa mwingine, na hatuna, ila mkurugenzi mwenyewe, ambaye huwa hashuki huku. Gari la kesho liko pale pale."

Msomaji, umewahi kumwona mtu akipewa kitu na kunyang'anywa kwa mkono ule ule? Ndivyo fundi alivyoonekana.

"Mama," alisema, na hakuwa na hasira, ambayo ingekuwa nafuu. "Kwa nini hukunyamaza?"

Hakumngoja ajibu.

"Ulininyamazia siku ile nilipotaka uniulize. Leo nilipotaka unyamaze ndio umesema. Sasa hiyo kweli yako mimi nitaichomelea wapi?"

*

Mlango ulifunguliwa. Mkurugenzi wa mji aliingia, koti mkononi, na watu wakampisha bila kuambiwa. Mtu alikuwa ameshamkimbilia ofisini kwake. Ni mzee wa sauti ya upole, aliyewahi kuwa afisa mashauri yeye mwenyewe kabla hajapanda cheo, na kwa sheria ndiye pekee mjini anayeweza kukaa kwenye kiti kile afisa anaposhindwa.

"Mama, nipishe," alisema.

Mama Nimesikia alishuka. Kwa mara ya kwanza alisimama mahali wanaposimama wengine, pale sakafu ilipolika kwa viatu vya watu wenye wasiwasi, na akaona kwamba kutoka hapo kiti kinaonekana kirefu kuliko kilivyo.

Mkurugenzi alisoma alichoandika karani. Alisoma pole pole.

"Fundi," alisema. "Kesho wanakuja kubeba?"

"Asubuhi, mheshimiwa."

"Naweza kulisikiliza shauri hili upya, hapa hapa, sasa hivi. Nina uwezo huo. Na kwa ninavyosoma, utaondoka na ufunguo wako."

Mke wa fundi alimshika mumewe mkono.

"Ila kuna jambo moja lazima lijulikane kwanza." Alimgeukia Mama Nimesikia. "Inua mkono, uape."

Aliinua mkono, akaapa. Sauti yake ilisikika kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Kama uliteleza mara moja, katika shauri hili tu, basi kosa ni la shauri hili, tunalirekebisha tunaendelea. Lakini kama ni mazoea, mashauri yako yote yanasimamishwa yachunguzwe kwa pamoja. Yote. Na hili likiwemo, mpaka uchunguzi uishe; na kusimamisha shauri si kusimamisha gari." Aliegemea mbele, akatabasamu kidogo, kama anayemfungulia mtu mlango. "Kwa hiyo fikiri vizuri kabla hujajibu. Hii ilikuwa mara yako ya kwanza kwenda kusikiliza peke yako?"

Fundi alikuwa anamtazama. Midomo yake haikutoa sauti, lakini ilisomeka vizuri: sema ndiyo. Sema ndiyo, mama.

Alifikiria ukuta ule, kisha kuta nyingine. Wenye mabanda. Mwenye tanuri ambaye alimvunjia baada ya kunusa moshi kutoka upande wa pili wa barabara. Wale wote walioondoka chumbani humu wakijiuliza wamekosea wapi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kama angesema ndiyo, angemwokoa huyu mmoja na kuwazika wale mara ya pili. Kama angesema hapana, huyu aliyemfanyia wema bibi angelipa tena, mara ya tatu, kwa ajili yake.

"Tunakusubiri, mama," mkurugenzi alisema kwa upole. "Ni mara ya kwanza?"

"Hapana," alisema.

Fundi alikaa chini, taratibu, kama mpira unaotolewa hewa.

Tabasamu la mkurugenzi lilififia. "Unajua ulichokisema? Basi nisaidie kumaliza. Hayo mazoea yalianza lini? Mara ya kwanza ilikuwa shauri gani?"

Mama Nimesikia alimtazama usoni. Mkono wake ulikuwa bado juu, alikuwa amesahau kuushusha.

"Lile la mwenye tanuri, mheshimiwa. Nilikuwa mgeni kazini, sijui lolote," alisema. "Na wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka."